Binti akilalamika "huku chini": namna ya kumwangalia, kumtunza na kumpeleka hospitali

Mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo haugui huko chini kama anavyougua mama yake. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linalowapoteza wazazi wengi ninaokutana nao. Mtoto wa miaka 5 anajikuna, mama anakwenda duka la dawa muhimu, anatoka na vidonge vya fangasi na vya UTI, na wiki mbili baadaye mtoto bado anajikuna na ngozi imechubuka. Dawa zimemezwa, lakini hakuna mtu aliyemwangalia.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimezaliwa Mtama, nimehudumu zahanati za vijijini mkoani Lindi, na sasa niko Mtwara mjini. Nimechezwa unyago kama wenzangu. Nawaandikia mama, shangazi, bibi na somo (kungwi wa binti), maana ninyi ndio binti anawaambia kabla hajamwambia nesi yeyote. Akina baba mnaolea peke yenu, nanyi msione haya kusoma.

Mwili wa mtoto ulivyo

Anapozaliwa, mtoto wa kike anakuwa bado amebeba homoni ya mama yake iitwayo estrojeni. Ndiyo maana kichanga anaweza kutoa ute mweupe, kuvimba matiti, hata kutokwa matone ya damu ukeni katika siku za mwanzo. Damu hiyo inakoma yenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Ikiendelea baada ya hapo, mpeleke kliniki. Matiti ya kichanga yasikamuliwe kabisa: kukamua kunaleta jipu.

Baada ya hapo estrojeni inashuka, na inakaa chini kwa miaka mingi hadi mtoto aanze kupevuka. Katika muda huo ngozi ya ukeni ni nyembamba, kavu kidogo, na wekundu wake ni wa kawaida. Mashavu ya uke hayajajaa wala nywele hazijaota, kwa hiyo hakuna kinachozuia mchanga, sabuni au kinyesi kufika. Fangasi wa ukeni wanahitaji mazingira ambayo estrojeni huyatengeneza, kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuacha pampasi ni nadra kuwapata. Akiwapata kweli, mganga anatakiwa ajiulize kama ametumia antibiotiki karibuni, au kama ana kisukari au upungufu wa kinga. Vidonge vya kuingiza alivyoandikiwa dada yake havimhusu.

Kumwosha na kumvisha

Maji matupu yanatosha. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hivi, mwoshe kwa mkono kwa nje tu, mkaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Sabuni ya kufulia, sabuni ya kipande yenye manukato, dettol, maji ya chumvi na maji ya majani yoyote yasifike hapo. Ndani ya uke hakuoshwi, si kwa mtoto wala kwa mwanamke mzima.

Akitoka chooni apanguse au anawe kutoka mbele kwenda nyuma. Mfundishe pia kuchuchumaa magoti yakiwa mbali kidogo, kwa sababu mtoto akibana miguu mkojo unarudi ukeni, kisha unamdondokea kwenye chupi baadaye, na mama anadhani ni uchafu. Chupi iwe ya pamba, alale bila chupi. Joto letu la Januari na zile taiti za nailoni za kubana haviendani.

Najua kwamba juu huku Newala na Tandahimba maji ni ya kununua kwa dumu wakati wa kiangazi. Beseni likishindikana, kikombe kimoja kikubwa cha maji safi asubuhi na kimoja jioni kinatosha kwa kazi hii. Usimnyime mtoto hicho ukakimbilia dawa.

Akiwashwa au akitoa uchafu

Mwangalie kwanza. Mchana, penye mwanga, mlaze chali kitandani au kwenye mapaja yako, magoti yapanuke kama chura, umwambie unachofanya na kwa nini. Tenganisha mashavu taratibu kwa vidole vilivyooshwa. Usiingize kitu chochote. Ukiona wekundu tu, fanya yale ya beseni kwa wiki mbili bila sabuni. Wengi wanapona hapo hapo.

Akijikuna zaidi usiku, chukua tochi akiwa amelala uangalie njia ya haja kubwa. Ukiona vijidudu vyeupe kama vipande vya uzi vinacheza, ni minyoo, nao hutambaa hadi ukeni. Nyumba nzima imeze dawa ya minyoo siku moja, mrudie baada ya wiki mbili, mfue mashuka, mkate kucha za watoto.

Uchafu wenye harufu kali, hasa ukichanganyika na damu, unanifanya niwaze kitu kilichoingia: kipande cha karatasi, punje, uzi, kipande cha sponji. Watoto wadogo hujichokoa kama wanavyojichokoa masikio. Usijaribu kukitoa nyumbani. Hospitali wanaweza kukisafisha kwa maji, na kikigoma mtoto anapewa nusu kaputi kitolewe bila kuumia. Uchafu mzito wa njano au kijani nao ni wa kupimwa. Unaweza kutokana na bakteria waliotoka kooni au kwenye kuhara, lakini unaweza pia kuwa ugonjwa wa zinaa, na kwa mtoto ugonjwa wa zinaa ni jambo la kuchunguzwa siku hiyo hiyo.

Ukiona ngozi imekuwa nyeupe kama karatasi kuzunguka uke na njia ya haja kubwa, inawasha na kupasuka, huo ni ugonjwa wa ngozi unaohitaji krimu maalumu ya daktari. Ukiona mashavu madogo yameshikana katikati, kama vile mtoto hana njia, tulia. Hutokea sana kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, na kama anakojoa vizuri huachiwa yaachane yenyewe. Kikwazo kikiwepo kuna krimu ya estrojeni. Nimeona bibi aliyeyatenganisha kwa kidole. Mtoto alilia siku nzima na yakashikana tena, mara hii kwa kovu.

Damu kwa mtoto mdogo

Hapa ndipo ninapoomba mtulie mnisome pole pole.

Aliwahi kuletwa kwangu mtoto wa miaka 6 kutoka upande wa Kitangari. Chupi ina damu, na hapo ukeni pana kinyama chekundu kilichovimba, cha mviringo kama andazi lenye tundu katikati. Kijijini walikwisha kuamua kwamba amebakwa, na kijana wa jirani alikuwa amekimbia kwao kwa hofu ya kupigwa. Nilipomwomba mtoto akojoe, mkojo ukatoka katikati ya kile kinyama. Ilikuwa ngozi ya ndani ya mrija wa mkojo iliyotokeza nje. Hali hii huwapata zaidi wasichana weusi ambao hawajapevuka, kwa sababu ile ile ya estrojeni kuwa chini, na mara nyingi baada ya kikohozi kirefu au choo kigumu kinachomfanya mtoto ajikamue. Tiba ni kukaa kwenye maji ya uvuguvugu, kulainisha choo na krimu ya estrojeni, na ikishindikana, upasuaji mdogo. Hata hivyo nilizungumza naye peke yake kwa utaratibu, kama inavyopasa, kabla ya kuirudisha familia nyumbani.

Damu nyingine inatoka kwenye mkojo wenyewe, na huku kwetu chanzo cha kwanza cha kufikiria ni kichocho. Mtoto anayecheza kwenye madimbwi, anayesaidia kwenye mabonde ya mpunga, anayefua mtoni, minyoo ya kichocho humwingia kupitia ngozi. Dalili ni damu, mara nyingi mwishoni mwa mkojo. Mtoto wa miaka 9 anayekojoa damu hajavunja ungo, naomba asifungiwe ndani kama mwali. Mayai ya kichocho hayaishii kwenye kibofu. Yanakwama pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi, yanaleta vidonda, uchafu na damu, na baadaye mwanamke hutibiwa magonjwa ya zinaa miaka na miaka asipone, huku vidonda hivyo vikimweka kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Dawa ni prazikwanteli, na ni rahisi. Shuleni hugawiwa kwa kupimwa urefu kwenye kijiti, lakini asiyesoma au aliyekosa siku ile hupitwa. Ukipeleka binti kwa uchafu usiopona, mwambie mganga wazi: "Huyu anaoga mtoni." Sentensi hiyo inabadilisha matibabu.

Mtoto akianza kuota matiti kabla ya miaka 8, au akipata hedhi kabla ya 10, aonwe na daktari. Akianguka akajigonga huko chini kwa kitu, mfano tawi la mkorosho, na damu haikomi kwa kukandamiza kitambaa safi dakika 10, au hawezi kukojoa, ni dharura.

Ukishuku ameingiliwa

Zungumza naye kwa sauti ya kawaida: "Niambie ilikuwaje." Usimwulize maswali ya kumwekea majibu mdomoni, usimpige, usimwambie angepiga kelele. Usimwogeshe. Nguo alizovaa zikunje kwenye karatasi au kanga kavu, si kwenye mfuko wa plastiki. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Aliyekwisha kuvunja ungo, au aliyekaribia, hupewa dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kuna fomu ya PF3, lakini kama hospitali iko karibu kuliko kituo, anzeni hospitali, fomu ifuatwe. Namba 116 ni ya bure na inapokea taarifa za watoto.

Daktari akisema "sijaona jeraha," hiyo haina maana kwamba mtoto anasema uongo. Watoto wengi walioingiliwa hupimwa wakakutwa wako kawaida. Na kizinda hakisemi kama binti ni bikira au siyo, maana vinatofautiana tangu kuzaliwa. Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 upimaji wa bikira ukomeshwe. Somo akikuomba umpeleke binti "akaangaliwe kama bado," kataa. Na familia ikikaa barazani kumalizana kwa mbuzi na fedha, kataa zaidi.

Anapovunja ungo

Ute mweupe usio na harufu huanza miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza. Si ugonjwa, ni dalili kwamba siku zinakaribia, na ndio wakati wa kumwonyesha pedi. Titi moja likitangulia jingine, au likiuma likiguswa, ni ukuaji.

Miaka miwili au mitatu ya mwanzo hedhi hucheza. Kuhesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kwanza ya inayofuata, kati ya siku 21 na 45 ni sawa kwa binti mdogo, na damu itoke siku 2 hadi 7. Mpe kalenda ya ukutani, zile wanazogawa madukani, aweke alama. Kalenda hiyo inanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Mlete akifikisha miaka 13 bila dalili ya matiti, au miaka 15 bila hedhi, au miaka mitatu imepita tangu matiti yaanze na bado. Na mlete upesi zaidi binti aliyekwisha kukua, hajaona damu, lakini kila mwezi tumbo la chini linamkata siku zile zile. Nimempokea mmoja wa miaka 14 aliyezungushwa kwa waganga kwa miezi, wakisema ana mashetani, hadi siku aliposhindwa kukojoa. Kizinda chake kilikuwa kimeziba kabisa, damu ya miezi yote imejaa ndani. Upasuaji wa muda mfupi ukamaliza. Mabinti wa namna hii wanaumia bure kwa sababu mtu anaona haya kuangalia.

Maumivu ya hedhi yasimkoseshe shule. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri ikianzwa mara dalili zinapoanza, kabla maumivu hayajashika kasi: kwa binti wa miaka 12 na zaidi, miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, baada ya kula, kwa siku mbili za mwanzo, isizidi 1,200 kwa siku bila daktari. Asitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa hizo. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga tumboni inasaidia kweli. Akifanya hivyo miezi mitatu na bado analala chini kwa maumivu, aonwe na daktari. Usimwambie atapona akizaa.

Damu nyingi ni ile inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja au mbili, au inayopita siku 7. Funua kope ya chini ya jicho, tazama na viganja: vikiwa vyeupe, apimwe wingi wa damu siku hiyo. Ikiwa imekuwa hivyo tangu hedhi ya kwanza, na anatoka damu puani au kwenye fizi, mwulize daktari kama damu yake inaganda sawasawa. Kama ana selimundu (sikoseli), daktari aambiwe mapema, kwa sababu wengine maumivu yao huamka wakati wa hedhi.

Maumivu ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini pamoja na kutapika yanaweza kuwa kokwa ya uzazi (kifuko cha mayai) iliyojisokota, hata kwa mtoto ambaye hajavunja ungo. Hayo hayasubiri asubuhi. Na binti yeyote mwenye hedhi akiletwa kwa maumivu ya tumbo, kukosa siku zake au kutoka damu isiyo ya kawaida, tutampima mimba. Si tusi, ni utaratibu unaookoa waliotunga mimba nje ya kizazi. Akikutwa na mimba, aanze kliniki mapema, na mjue kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arudi shule baada ya kujifungua.

Pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6. Za vitambaa ni nzuri zikifuliwa kwa sabuni, zikasuuzwa vizuri na kuanikwa juani. Wengi huzificha chini ya godoro zikiwa mbichi, na hapo ndipo upele unapoanzia. Zianike kwenye kamba, ukipenda uzifunike kanga nyepesi juu. Somo wangu alinifundisha usafi huu vizuri, na unyago una nafasi kubwa hapa kuliko hospitali. Ninachowaomba makungwi ni kimoja: dawa za miti, shabu, ndimu na chochote cha kukaza au kukausha visiwekwe ukeni mwa binti. Vinachubua, na mchubuko unafungua njia ya maambukizi.

Chanjo

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 inatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja, bila malipo. Binti anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya moja, ulizeni kliniki anakochukulia dawa. Haifungi kizazi. Inatolewa mapema kwa sababu inakinga vizuri zaidi kabla mtu hajakutana na virusi.

Kumpeleka

Mwambie tangu nyumbani mnakokwenda na kitakachofanyika, bila kumdanganya kwamba mnakwenda sokoni. Mtoto mdogo anaangaliwa kwa nje tu, mama akiwa kando au amempakata. Kile chombo cha kupanulia uke hakitumiki kwake. Binti ambaye hajaanza kujamiiana naye kwa kawaida hahitaji kuingiziwa kitu: altrasaundi ya tumboni, kibofu kikiwa kimejaa, inatosha kuona kizazi na kokwa. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, na binti ana haki ya kusema "subiri kwanza."

Kuanzia miaka 12 hivi, mwache dakika chache peke yake na nesi. Akina mama wengi wanakasirika nikiwaomba watoke, lakini yapo ambayo hatayasema mbele yako hata kama unampenda vipi. Vituo vingi vina huduma rafiki kwa vijana, ulizia siku na chumba.

Anzia zahanati au kituo cha afya. Kama tatizo limewashinda, omba barua ya rufaa iandikwe dalili na dawa alizokwisha kutumia, siyo "tumbo" tu. Kwa Lindi kuna Sokoine na Nyangao. Kwa Mtwara kuna Ndanda, Mkomaindo, Ligula, na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ambayo imetupunguzia safari za Muhimbili. Usisubiri fedha za korosho za Oktoba kama ni damu isiyokoma, mkojo uliofunga, au maumivu ya ghafla yenye kutapika. Siku ya kwenda beba kalenda ya hedhi, kadi ya kliniki, maganda ya dawa zote alizomeza pamoja na zile za kienyeji, chupi iliyochafuka bila kuifua, na kanga ya kumfunika magoti, kwa sababu mashuka ya kufunikia mara nyingi hayatoshi.